Bodi ya laptopu hii ni alumini kweli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kununua laptopu, mpya au iliyotumika, akaambiwa bodi yake ni alumini. Ni ya aliyekwisha kununua pia, ambaye sasa anaitazama na kuitilia shaka. Wenye kompyuta za mezani wana swali lao karibu na mwisho.

"Kaka, hii bodi ni alumini?" "Alumini tupu, bosi." Nimwamini?

Muulize swali la pili: alumini upande upi?

Laptopu haina bodi moja. Ina vipande vinne, na viwandani kila kimoja kina herufi yake. A ni mgongo wa mfuniko, ule wenye nembo. B ni fremu inayozunguka skrini. C ni sehemu ya kibodi na pale unapolaza viganja. D ni tumbo, linalokaa mezani. Mafundi na wauza vipuri wanaziagiza kwa herufi hizohizo, kwa hiyo ukitaja "A" au "D" dukani utaeleweka.

Mara nyingi muuzaji hajasema uongo. Kipande A ni alumini kweli, C ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha ilingane nacho, na D ni plastiki nyeusi ambayo hakuna anayeigeuza kuitazama. Tangazo linasema "bodi ya alumini" na mnunuzi anasikia "yote ya alumini". Kiwanda kinaweka pesa yake kwenye A kwa sababu ndicho kipande kinachoonekana rafuni. Lakini vinavyobeba uzito wa maisha ya laptopu ni C na D: bawaba imefungwa hapo, betri na ubao mama vimelala hapo, na ndipo panapogonga ikianguka.

Kwa hiyo jibu la "ndiyo" peke yake halikufai. Unataka jibu la herufi nne.

Kwenye karatasi ya sifa wameandika "aluminium finish". Si ndiyo alumini yenyewe?

Hapana. Neno "finish" linazungumzia mwonekano wa juu. Ukikuta "finish", "look", "metallic" au "aluminium-style", hujaahidiwa alumini. Ukikuta jina la kipande limetajwa pamoja na kitu kilichokitengeneza, kwa mfano kwamba mfuniko na sehemu ya kibodi ni alumini na chini ni polikaboneti (aina ya plastiki), hapo umeambiwa kitu. Kampuni iliyotumia alumini pande zote haifichi. Huitangaza kwa herufi kubwa kwa sababu imeilipia. Ukimya kuhusu D una maana yake.

Nitajuaje kwa macho na mikono, bila kuifungua?

Anza na kiganja. Laptopu iwe imezimwa na imekaa kivulini kitambo. Laza kiganja juu ya mfuniko, kisha kwenye sehemu ya kibodi, kisha tumboni. Alumini itakupa ubaridi wa ghafla, kwa kuwa inachukua joto la mkono na kulisambaza upesi. Plastiki inachelewa kupokea joto, hivyo hutausikia ubaridi huo. Tofauti ni kubwa: aloi za alumini (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) zinazotumika kwenye laptopu hupitisha joto zaidi ya mara 500 kuliko plastiki ya kawaida. Usiifanye kazi hii laptopu ikiwa inawaka au imekaa juani, maana itakuchanganya.

Kisha kucha. Gonga katikati ya mfuniko, halafu pembeni mwa tachipadi. Metali inatoa sauti kavu, kali, fupi. Plastiki inatoa sauti nene iliyofifia. Kipimo hiki kinahitaji mazoezi kidogo, na ni bora uwe na sufuria akilini: mlio wa kucha kwenye mfuniko wa sufuria unaujua tangu utotoni, nao ni alumini.

Sasa kingo, na hapa usiwe na haraka. Peleka laptopu kwenye mwanga wa dirisha, itazame pale penye tundu la USB na tundu la hedifoni. Kwenye alumini iliyochongwa kwa mashine, ukingo wa tundu ni mkali na safi, na unene wa ukuta ni uleule mpaka ndani. Kwenye plastiki utaona ukingo uliolegea kidogo, mara nyingine mstari mwembamba ulioinuka pale pande mbili za kalibu zilipokutana, na ndani ya tundu rangi inabadilika: nje fedha, ndani nyeusi au kijivu. Rangi ikiishia mlangoni mwa tundu, hiyo ni plastiki iliyovishwa.

Mistari ile ya kusuguliwa, inayofanya mfuniko uonekane kama umepitishiwa brashi, ndiyo inayodanganya wengi. Inaweza kuwa metali iliyosuguliwa kweli. Inaweza pia kuwa picha iliyochapwa kwenye karatasi laini ya plastiki na kubanwa juu ya mfuniko wakati unamiminwa kwenye kalibu. Fuata mstari mmoja kwa jicho mpaka kwenye kona. Mistari ya metali haifanani, mmoja ni mrefu, mwingine umekatika, na kwenye kona inakatwa na umbo la kona. Mistari iliyochapwa hupinda na kona bila kukatika, na ukitazama kwa makini utakuta mchoro unajirudia.

Mwisho, kwa laptopu iliyotumika, tafuta mkwaruzo. Mkwaruzo haudanganyi. Chini ya rangi ya alumini utaona fedha inayong'aa. Chini ya rangi ya magnesiamu utaona kijivu kilichofifia. Chini ya plastiki utaona plastiki: nyeusi, nyeupe au kijivu, yenye nyuzinyuzi pembeni mwa mkwaruzo.

Jihadhari na stika. Utakuta laptopu za mtumba zimevishwa karatasi ya rangi ya fedha yenye mistari, safi kabisa, juu ya mfuniko uliochoka. Pitisha kucha kwenye ukingo wa mfuniko. Karatasi itajiinua.

Sumaku inaweza kunipa jibu?

Nusu ya jibu. Sumaku haishiki alumini, lakini haishiki plastiki wala magnesiamu wala titani pia. Kwa hiyo sumaku ikishika umejua kuna chuma. Isiposhika, bado hujajua.

Halafu ndani ya laptopu kuna sumaku zake zenyewe: za kufunga mfuniko, za spika, na kwa baadhi ya mashine za kushikia chaja. Kuna pia vipande vya chuma chini ya kibodi na kwenye bawaba. Sumaku ikinasa mahali pamoja tu, imenasa kilicho ndani, siyo bodi. Na ikiwa laptopu ina diski ya kuzunguka, usiikaribishe sumaku yenye nguvu hata kidogo.

Fundi aliweka ncha za mita ya umeme juu ya mfuniko, mita haikulia. Basi si metali?

Huenda ni alumini nzuri tu. Bodi nyingi za alumini hupitishwa kwenye asidi na umeme ili juu yake ijengeke ngozi ngumu ya oksidi. Ngozi hiyo ndiyo inayoshika rangi na kuzuia mikwaruzo midogo, na haipitishi umeme. Ncha za mita zikigusa juu tu, zinagusa ngozi.

Mwambie aweke ncha moja ndani ya shimo la skrubu la chini na nyingine kwenye shimo jingine la kipande hichohicho, mahali ambapo nyuzi za skrubu zimeikwangua ngozi. Mita ikilia hapo, una metali, ingawa hujajua bado kama ni alumini au magnesiamu. Na kama nati za mashimo hayo ni za shaba zilizopachikwa kwenye plastiki, mita itakaa kimya, na ukimya huo sasa una maana.

Nikimpa fundi aifungue, nitazame nini?

Hili ndilo jibu la uhakika kuliko yote, na kwa laptopu nyingi kinachohitajika ni bisibisi tu. Akishalitoa tumbo, ligeuze utazame upande wa ndani.

Vipande vya plastiki hupigwa muhuri kiwandani, herufi ndogo zilizokaa kati ya alama mbili kama midomo ya ndege: >PC+ABS<, >ABS<, >PC<. Ni utaratibu wa kimataifa wa kuwasaidia wanaochambua plastiki za kurejelezwa. Ukiuona muhuri huo ndani ya kipande ulichoambiwa ni alumini, mjadala umekwisha. Vipande vya magnesiamu mara nyingi huandikwa Mg, au jina la aloi yenyewe kama AZ91D. Vya alumini vinaweza kuandikwa Al.

Usidanganywe na mng'ao wa ndani. Watu wengi hufungua tumbo, wakaona fedha inayong'aa, wakaridhika. Tumbo la plastiki mara nyingi lina karatasi nyembamba ya alumini iliyobandikwa, au rangi yenye metali iliyopulizwa, kwa ajili ya kuzuia mawimbi ya umeme ya mashine yasitoke nje. Bandua pembe ya karatasi hiyo kwa ukucha uone kilicho chini yake. Karatasi ni nyembamba mno kuwa bodi.

Wakati bado iko wazi, tazama mahali bawaba ilipofungwa. Nitalirudia hili mbele, kwa sababu kwangu ndilo lenye uzito kuliko jina la metali.

Si plastiki, si alumini. Kuna kitu kingine?

Kipo, na mara nyingi ni kizuri zaidi kuliko ulivyodhani.

Magnesiamu, kwa maana ya aloi yake, ndiyo inayodhaniwa kuwa plastiki mara nyingi zaidi. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7, ya aloi ya magnesiamu takriban gramu 1.8, na ya plastiki ya laptopu gramu moja na ushei. Magnesiamu hupakwa rangi nzito, hivyo haing'ai, na ubaridi wake ni wa wastani. Mtu anaishika anasema "plastiki hii". Laptopu za LG Gram kwa kawaida hujengwa kwa aloi ya magnesiamu, ndiyo maana zile za inchi 14 ziliweza kushuka chini ya kilo moja. Surface Pro za Microsoft za mwanzo, za 2013, zilikuwa magnesiamu. Laptopu nyingi za ofisini zinazokuja kama mtumba kutoka Ulaya zina mifupa ya magnesiamu chini ya ngozi nyeusi isiyovutia, na ni imara kuliko baadhi ya zile za fedha zinazong'aa.

Nyuzi za kaboni ni kundi jingine. ThinkPad X1 Carbon ilitoka 2012 na jina lake linatokana nazo. Dell XPS 13 kwa miaka mingi ilikuwa na alumini juu na chini, na nyuzi za kaboni pale pa kulaza viganja. Hapo "alumini" ni kweli kwa A na D, na si kweli kwa C, wala hakuna aliyedanganywa.

Titani ilijaribiwa. PowerBook G4 ya Apple ya 2001 ilikuwa ya titani. Rangi yake ilibanduka, na metali iliyoizunguka ilidhoofisha mawimbi ya mtandao. Mwaka 2003 walihamia alumini.

Hizi za Apple, zote ni alumini?

MacBook Air na MacBook Pro, ndiyo, vipande A, C na D. Oktoba 2008 Apple walionyesha MacBook ambayo sehemu yake ya kibodi ilichongwa kutoka kwenye tofali moja la alumini kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, badala ya kuunganisha mabati. Ukitazama ndani yake utaona mbavu na mashimo ya skrubu yamechongwa humohumo, hakuna kilichobandikwa. MacBook Air ya 2018 ilitangazwa kuwa bodi yake ni alumini iliyorejelezwa kwa asilimia 100.

Ila kuna MacBook nyeupe zilizoanza 2006, na hizo ni polikaboneti. Bado zipo sokoni. Mtu akikuuzia nyeupe akasema ni alumini iliyopakwa rangi, ondoka.

Mstari mweusi wa plastiki karibu na bawaba ni wa kupitisha mawimbi ya antena. Usiuhesabu kama dosari.

Ni alumini safi?

Hapana, na usitake iwe safi. Alumini safi ni laini, ungeipinda kwa mikono. Zinazotumika ni aloi. Zinazochongwa kwa kawaida ni za kundi la 6000, lenye magnesiamu na silikoni kidogo. Mabati yanayogongwa kwenye kalibu mara nyingi ni ya kundi la 5000.

Nikichaji, bodi inanitekenya kama ina umeme. Ni alumini mbovu?

Bodi haina kosa. Ndani ya chaja kuna kifaa kidogo kinachounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa laptopu ili kupunguza kelele za mawimbi, na kupitia hapo mkondo mdogo sana huvuja. Kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa kwa chaja za pini mbili kilikuwa robo ya miliampia. Bodi ikiwa ya metali, mkondo huo unakufikia na unausikia kama mtetemo ukipitisha kidole polepole. Bodi ikiwa ya plastiki huusikii, ingawa chaja ni ileile.

Dawa yake ni ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Tumia chaja yenye pini tatu ambayo pini ya ethi imeunganishwa kweli, kwenye soketi ambayo ethi yake inafanya kazi. Hapa kwetu soketi ni za pini tatu, lakini nyumba nyingi ethi haijafika ardhini, na wengi tunachomeka plagi ya pini mbili kwa kulazimisha au kwa adapta. Hapo ethi haipo.

Nasisitiza: kutekenya na kurushwa ni vitu viwili. Ukirushwa, au ukiona cheche, au chaja ni ya bei ya kutupa isiyo na jina, ichomoe na usiirudishe. Chaja bandia zinaweza kupitisha umeme wote wa volti 230, na bodi ya metali itakuwa ndiyo njia ya kukufikia.

Na ndiyo, mtekenyo ni dalili kwamba bodi inapitisha umeme. Lakini usiutumie kama kipimo cha kununulia.

Alumini inaipoza kompyuta?

Inasaidia kusambaza joto, haichukui nafasi ya feni. Kazi kubwa inafanywa na mabomba ya shaba, mapezi na feni ndani. MacBook Air ya 2020 yenye chipu ya M1 haina feni, lakini imewezekana kwa sababu chipu yenyewe inatoa joto kidogo, na ndani kuna bamba la alumini la kulisambaza. Ukichukua laptopu yenye prosesa ya moto ukaivisha alumini bila kuipa njia ya hewa, utapata mapaja ya moto na kompyuta inayopunguza mwendo.

Bodi ya alumini kuwa ya moto kuliko ya plastiki siyo dalili ya ubovu. Joto limefika nje, unaligusa.

Inazuia Wi-Fi?

Metali huzuia mawimbi ya redio, ndiyo maana kwa kawaida bodi ya alumini huwa na dirisha la plastiki mahali fulani: mstari karibu na bawaba, ukingo wa juu wa skrini, au nembo. Ikiwa imesanifiwa vizuri hutaona tofauti. Kama umebandika stika yenye metali juu ya mstari huo, ibandue kwanza kabla hujamlaumu mtoa huduma wa intaneti.

Mfuniko ni alumini, bawaba imeng'oka. Imewezekanaje?

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue, kwa kuwa linavunja laptopu nyingi na fedha nyingi za watu.

Bawaba ni chuma kigumu. Kila ukifungua mfuniko, nguvu yote ya mkono wako inaishia kwenye skrubu tatu au nne kila upande. Skrubu hizo zinaingia kwenye kitu. Kwenye laptopu iliyojengwa vizuri zinaingia kwenye metali: alumini nene iliyochongwa, au fremu ya magnesiamu. Kwenye laptopu za bei nafuu zinaingia kwenye nati ndogo za shaba, saizi ya punje ya mchele, zilizopachikwa kwenye vijiti vya plastiki. Mafuta ya bawaba yanakauka, bawaba inakuwa ngumu, vijiti vinapasuka. Nati zinabaki zimeng'ang'ania skrubu, plastiki inabaki vipande vipande. Ukifungua mfuniko unasikia "kraak", ukingo wa bodi unaachama, na waya wa skrini unaanza kusagika.

Na hii inatokea hata pale ambapo kipande A ni alumini. Bati la mfuniko linaweza kuwa jembamba, likabandikwa kwa gundi juu ya fremu ya plastiki yenye vijiti hivyohivyo. Au A iko sawa, lakini mguu wa pili wa bawaba umefungwa kwenye C ya plastiki. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuuliza fundi jambo moja tu, muulize: bawaba ya mashine hii imeshika wapi, juu na chini?

Dukani unaweza kupima hivi. Fungua mfuniko polepole kwa kushika kona moja, siyo katikati. Tazama sehemu ya kibodi karibu na bawaba. Ikiinuka hata kidogo, au pakitokea mwanya, bodi hiyo imeanza safari ya kuvunjika, iwe imeandikwa nini.

Ikiwa yako imeanza kukaza, mpelekee fundi ailegeze nati ya bawaba na kuipaka grisi kabla vijiti havijapasuka. Ni kazi ndogo. Kujenga upya vijiti kwa gundi ya epoksi ni kazi kubwa, na haidumu sana.

Naishi Pwani. Pale ninapolaza viganja pametoka vitundu vyeupe.

Jasho na chumvi. Alumini haioti kutu nyekundu, lakini ngozi yake ya oksidi ikichakaa, chumvi huitafuna na kuacha vitundu na unga mweupe. Jirani na skrubu za chuma hali huwa mbaya zaidi, kwani metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu wenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Unguja na kwingineko kwenye upepo wa bahari, kufuta viganja na kibodi kila jioni ni matunzo ya lazima.

Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, kisha kikavu. Spiriti ya asilimia 70 inafaa kwa madoa ya mafuta. Usitumie jiki, siki, ndimu wala magadi, na usiguse stilwaya. Vitundu vilivyokwisha kutoka havirudi. Ukivisugua unaondoa ngozi iliyobaki.

Kona imebonyea. Inyooshwe?

Ikiwa mfuniko unafunga na skrini haijaguswa, iache. Alumini iliyobonyea ikinyooshwa inachoka, na mara ya pili inaweza kupasuka. Ikiwa imebana mfuniko, fundi mwenye subira anaweza kuirudisha kwa koleo lililofungwa kitambaa, baada ya kutoa skrini na betri.

Tumbo likiwa limevimba kwa nje, au tachipadi imeinuka, hilo si bonyeo. Ni betri iliyovimba. Zima, usichaji, na ipelekwe ikatolewe.

Na neno kwa mafundi: kabla hujaweka grainda au drili kwenye bodi yoyote, hakikisha si magnesiamu. Vumbi na chembe za magnesiamu hushika moto, moto wake ni mkali mno, na ukiumwagia maji unauzidisha. Huzimwa kwa kufunikwa na mchanga mkavu.

Kompyuta ya mezani je?

Huku sumaku ina kazi. Makasha mengi ya mezani ni bati la chuma lililopakwa zinki na rangi, na sumaku itanasa. Isiponasa kwenye ubavu ambao ni baridi na unalia kwa ukali, una alumini. Lian Li ya Taiwan ilijijengea jina kwa makasha ya alumini, ingawa leo nao wanatengeneza pia ya chuma na kioo. Apple walitumia alumini kwenye Power Mac G5 ya 2003. Kwa kompyuta isiyobebwa, chuma hakina ubaya wowote. Ni kigumu, ni nafuu, na uzito unaongezeka pale usipokusumbua.

Basi nilipe zaidi kwa ajili ya alumini?

Lipa zaidi kama C ni metali na bawaba imeshika metali. Kwa unene uleule, alumini inakataa kupinda takriban mara 30 kuliko polikaboneti, na hilo utalihisi kila siku kwenye kibodi isiyobonyea na skrini isiyotikisika. Usilipe zaidi kwa A peke yake. Ningemshauri mwanafunzi achukue laptopu ya ofisini ya mtumba yenye magnesiamu ndani kuliko mpya yenye mfuniko wa fedha na mwili wa plastiki laini, kwa bei hiyohiyo, mradi betri iwe nzima.

Plastiki nayo isidharauliwe. Plastiki nzuri, nene, inapoanguka hupinda na kurudi, pale ambapo alumini hubaki na kovu.

Nimeuziwa plastiki kwa jina la alumini. Nifanyeje?

Rudi upesi, ukiwa na risiti na tangazo. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012. Lakini kesi bila maandishi ni ngumu, kwa hiyo kabla hujalipa mwombe muuzaji aandike kwenye risiti: mfuniko alumini, sehemu ya kibodi alumini, chini alumini. Mwenye uhakika ataandika. Asiyetaka kuandika amekujibu.

Laptopu imekufa kabisa. Bodi ina thamani?

Ya alumini, ndiyo. Kuiyeyusha tena kunatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuipata alumini mpya kutoka kwenye madini yake, ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu huitenga na chuma na kuilipia zaidi. Kabla ya kuuza kwa kilo, mwonyeshe fundi: kipande C kizima cha mashine inayopendwa kinaweza kuwa na bei kuliko kilo nyingi za chakavu, maana kuna mtu mahali anakitafuta. Toa betri kwanza, na isiwekwe kwenye gunia la chakavu. Skrubu za chuma zitoe, plastiki na gundi vikwangue, kisha pima.